Mtoto mwenye usonji: nini tukitibu, nini tukikubali?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewaumba wanadamu kutokana na asili moja kisha akawajaalia kuwa mbalimbali kwa ndimi, rangi na maumbile. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuletea baada ya swala, tena kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, ni la mtoto ambaye hayuko kama wenziwe. Amefika miaka mitatu na bado hajasema neno. Akiitwa jina lake hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Kutwa nzima hupanga vifuniko vya chupa katika mstari mmoja, na kifuniko kimoja kikisogezwa huangua kilio kisichonyamazika. Akisikia sauti ya kipaza sauti huziba masikio na kukimbia. Swali la mzazi huwa ni lile lile: Je, mtoto huyu ana jini? Na kama hana, tumpeleke kwa nani?

Leo tunapenda kulijibu swali hilo, na kuwajulisha wasomaji wetu juu ya mtaalamu ambaye familia nyingi ama hazimjui ama zinamwogopa. Huyu ni mwanasaikolojia tiba. Tutaeleza pia njia ambayo wanasaikolojia wengi wa zama hizi wanaifuata wanapowahudumia watu wa aina hii: njia isiyokusudia kumgeuza mtu awe mtu mwingine, bali kumwondolea yale yanayomtaabisha huku akikubaliwa kama alivyoumbwa.

USONJI NI NINI?

Usonji ni namna ya ubongo kukua na kufanya kazi, ambayo mtu huanza nayo maisha na kubaki nayo. Hali hiyo inagusa mawasiliano yake, mahusiano yake na watu, na jinsi anavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Si maradhi ya kuambukiza, wala si wazimu. Zipo hali nyingine zilizo jirani nayo, kama ile ya mtoto asiyeweza kutulia wala kushika umakini, na ile iitwayo disleksia, ambapo mtoto mwenye akili zake timamu hutatizwa na kusoma na kuandika.

Wenye usonji hawako sawa. Wapo wasiosema kabisa, na watahitaji kusaidiwa kula na kuvaa maisha yao yote. Wapo pia wanaohitimu vyuo vikuu na kufanya kazi, lakini wakirudi nyumbani jioni huwa wamechoka kwa namna ambayo watu wa nyumbani hawaielewi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, katika kila waumini 1,000 huenda wamo 7 au 8 wa hali hii. Iwapo hatuwaoni misikitini, basi tujiulize wako wapi.

Elimu juu ya hali hii haikuja mara moja. Mwaka 1925 daktari mmoja wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika juu ya wavulana sita wenye sifa hizi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani, akaandika juu ya watoto 11, na maandiko yake ndiyo yaliyoenea. Kisha ukafuata wakati mgumu kwa akina mama, kwani wapo wataalamu waliodai kwamba mtoto huwa hivyo kwa sababu mama yake hana mapenzi naye. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu cha kuipinga kauli hiyo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti juu ya mapacha ulioonesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika jambo hili. Hata ule uvumi kwamba chanjo ya surua husababisha usonji, uliotokana na makala iliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida la madaktari la The Lancet, ulikosa msingi, na jarida lenyewe likaifuta makala hiyo mwaka 2010.

Tumeyataja haya kwa sababu lawama ile iliyowaumiza akina mama wa Marekani ingalipo katika nyumba zetu kwa sura nyingine. Mama huambiwa amerogwa, au alipita pabaya alipokuwa mjamzito, au ukoo wake una mkosi. Wakati mwingine huachwa na mumewe kwa sababu hiyo. Huo ni uzushi na ni dhulma, na haujuzu kwa Muislamu mwenye kumwogopa Mola wake.

UMBO NA TABIA

Wanazuoni wetu hutofautisha baina ya maneno mawili ya Kiarabu yanayofanana kwa herufi: khalqi na khuluqi. Khalqi ni umbile, yaani jinsi Mwenyezi Mungu alivyomuumba mtu. Khuluqi ni tabia, yaani yale ambayo mtu huyatenda kwa hiari na akaweza kufunzwa. Mtu haulizwi kwa umbile lake. Hataulizwa kwa nini alizaliwa mfupi au kipofu. Huulizwa kwa tabia yake, kwa kadiri ya uwezo aliopewa, kwani aya ya mwisho ya Suratul Baqara inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake.

Matatizo mengi ya watoto hawa yanatokana na sisi kuchanganya mambo haya mawili. Mtoto asiyetazama watu machoni tunamwita mjeuri. Anayepepea mikono yake anapofurahi tunamwambia aache upumbavu. Asiyeweza kukaa saa nzima darasani tunamwita mtundu, kisha tunamchapa. Tunaliadhibu umbile tukidhani tunaitengeneza tabia, na mtoto anajifunza jambo moja tu, kwamba yeye mzima mzima ni kosa.

Njia ya mwanasaikolojia tunayoizungumzia inaanzia kwenye tofauti hiyo hiyo. Mfano wake tunauona katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.), akamweleza kwamba hushikwa na kifafa na mwili wake hufunuka, akaomba aombewe. Mtume akampa hiari: akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka amwombee Mwenyezi Mungu amponye. Akachagua kusubiri. Lakini hakuishia hapo. Akasema kwamba yeye hufunuka, basi aombewe asifunuke. Mtume akamwombea.

Tuizingatie hadithi hii, ndugu zangu. Kifafa na usonji ni vitu viwili tofauti, na hatusemi mwenye kifafa aache dawa. Dawa zipo na azitumie. Tunachokitazama hapa ni adabu ya mazungumzo yale. Kwanza, mwenye hali yake ndiye aliyeulizwa anataka nini. Pili, yeye mwenyewe alitenganisha baina ya hali yenyewe, ambayo alikuwa tayari kuishi nayo, na jambo linalomdhalilisha ndani ya hali hiyo, ambalo alitaka liondoke. Tatu, aliposema hivyo alisikilizwa na kusaidiwa katika lile aliloliomba. Mambo hayo matatu ndiyo ambayo mwanasaikolojia mzuri huyafanya mbele ya mtoto wako.

MWANASAIKOLOJIA HUFANYA NINI?

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 12 mwenye usonji, ambaye kila akifika madrasa hujing'ata mikono. Mmoja atasema ana pepo anayechukia Qur'ani. Mwanasaikolojia atauliza: hujing'ata wakati gani, mbele ya nani, na kabla yake kulitokea nini? Huenda akabaini kwamba kijana hujing'ata pale watoto hamsini wanaposoma kwa pamoja kwa sauti kubwa katika chumba chenye paa la bati, na kwamba nyumbani, akiwa peke yake, husoma sura zake vizuri. Basi Qur'ani haina lawama, wala kijana hana pepo. Makelele yanamuumiza kama moto unavyomuumiza mwingine. Tiba yake ni kuwekwa karibu na mlango, kusoma na ustadhi kabla wenzake hawajafika, kuziba masikio kwa pamba, na kufundishwa ishara ya kuomba kutoka nje anapozidiwa.

Kupepea mikono hakumdhuru mtu, basi kunaachwa. Kujing'ata kunamdhuru, basi kunatafutiwa sababu na kuondolewa. Asiyesema hufundishwa kuwasiliana kwa picha, kwa ishara au kwa kuandika. Akiwa na hofu, huzuni au ukosefu wa usingizi, vitu ambavyo huwapata sana watu hawa, hutibiwa kwa mazungumzo yaliyorekebishwa yamfae. Taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wake mwaka 2013 ikashauri kwamba mazungumzo hayo yatumie zaidi maandishi na picha, yawe ya wazi yasiyo na mafumbo, yawe na mapumziko, yamshirikishe mzazi, na yatumie mambo ambayo mtoto mwenyewe anayapenda. Mwongozo huo huo unakataza baadhi ya vitu vinavyouzwa kama dawa ya usonji, zikiwemo dawa za kutoa madini mwilini na tiba ya oksijeni ya chumba cha mgandamizo.

Kwa nini wataalamu wameondokana na lengo la kumfanya mtoto aonekane kama wengine? Kwa sababu kujificha kuna gharama yake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba, miongoni mwa watu wazima wenye usonji, kuficha hali yao mbele za watu na kukosa msaada wanaouhitaji ni mambo yanayoambatana na fikra za kujiua. Jambo hilo si dogo mbele ya sheria yetu, ambayo kuhifadhi nafsi ni katika makusudio yake makuu. Binti aliyefunzwa kwa viboko kutazama watu machoni anaweza kusifiwa ugenini kwamba amepona, ilhali moyoni anatamani asingezaliwa.

Naye Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: yeye hatuelewi, nasi hatumwelewi. Basi si haki safari nzima ya kukutana aitembee yeye peke yake. Muslim amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima kwa jina la mwanawe, akamtaka achague njia yoyote aipendayo ili amtekelezee haja yake, kisha akasimama naye njiani hapo mpaka akamaliza shida zake. Kiongozi wa umma ndiye aliyekwenda mahali palipomridhi mwanamke yule.

SHAKA ZA WAZAZI

Wapo wazazi wanaouliza: kumkubali mtoto alivyo si kuacha malezi? Tunajibu kwamba sivyo. Mtoto mwenye usonji hufundishwa ukweli, usafi, haya na swala kama nduguze, ila kwa njia anayoielewa: picha za hatua za udhu zilizobandikwa bafuni, wakati ule ule kila siku, maneno machache. Ama bakora, wale wanaoshika hadithi ya kumuamrisha mtoto swala akiwa na miaka saba na kumtia adabu akiwa na kumi, wakumbuke alivyoeleza Imamu Al-Izz bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria. Yeye alibainisha kwamba mtoto ambaye hawezi kutengenezwa ila kwa kipigo kikali, basi hafai kupigwa kabisa, si kipigo kikali wala chepesi: kikali hakijuzu, na chepesi hakina faida.

Wengine huuliza kama mtoto huyu ana wajibu wa ibada. Jibu lategemea akili yake, si jina la hali yake. Akibaleghe naye anafahamu maana ya amri na katazo, basi ni mukallafu, na hupewa wepesi pale anaposhindwa. Na asiyefahamu, kalamu imeinuliwa kwake, wala hapaswi kulazimishwa wala kudharauliwa.

Lipo pia swali la ruqya. Kumsomea mtoto Qur'ani na dua zilizothibiti ni jambo jema, nasi twalihimiza. Lakini kumsomea ni kitu kimoja, na kumfunga kamba, kumfukiza moshi, kumpiga ili "jini atoke" au kumzuia asiende kwa daktari ni kitu kingine. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na wengineo amefundisha kwamba anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Wanaowapiga watoto kwa jina la kupunga wajue kwamba wanabeba dhamana hiyo duniani na Akhera.

Na wapo wanaosema saikolojia ni elimu ya wageni. Hao tunawakumbusha juu ya Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, ambaye katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi alieleza hofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi na namna ya kuvitibu, na akasikitika kwamba matabibu wa wakati wake waliisahau nafsi. Vilevile siku ya 2 Aprili, ambayo dunia huiadhimisha kwa ajili ya usonji, iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar. Na iwapo mtaalamu aliyepo si Muislamu, Mtume (S.A.W.) katika Hijra yake alimtumia kiongozi wa njia ambaye hakuwa Muislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Mzazi amweleze mtaalamu huyo mipaka ya dini yake, na mtaalamu mwema ataiheshimu.

MZAZI AANZIE WAPI?

Anayeona dalili tulizozitaja aanze na hospitali, mtoto apimwe masikio na maendeleo yake ya ukuaji, kisha aombe kuelekezwa kwa mwanasaikolojia tiba. Hapa nchini wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako katika miji mikubwa na hospitali za rufaa kama Muhimbili. Mzazi aulize elimu ya mtaalamu na wapi aliipata. Atazame kama anazungumza na mtoto au anazungumza juu yake tu. Ajihadhari na yeyote anayeahidi kuufuta usonji kwa miezi kadhaa, anayemfungia mzazi nje bila maelezo, au anayetumia njaa na kipigo kama somo. Mtaalamu wa kweli atamwambia mzazi ni jambo gani wanataka libadilike, kwa nini, na watajuaje kwamba limebadilika.

Misikiti nayo ina sehemu yake. Familia masikini yenye mtoto huyu inastahiki zaka na sadaka zetu, na nauli ya kwenda kliniki ni matumizi bora kuliko mapambo mengi tunayoyachangia. Maimamu wakumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto ndani ya swala huifupisha, kwa kumwonea huruma mama yake. Hakumwambia mama yule abaki nyumbani. Basi nasi tusimkodolee macho mzazi ambaye mtoto wake amepiga kelele katika safu. Tumsogezee mahali karibu na mlango, tupunguze sauti ya spika za ndani, na tumtolee salamu yeye na mwanawe kwa jina lake.

Nanyi wazazi mliowaficha watoto hawa vyumbani siku za wageni, tunakuombeni kwa mapenzi: wafungulieni milango. Mwenyezi Mungu amewakirimu wanadamu wote, kama tunavyosoma katika Suratul Israa, wala hakumtoa katika karama hiyo asiyesema wala asiyetulia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape subira na wepesi wazazi wa watoto hawa, awajaalie wataalamu wetu elimu yenye manufaa na huruma, na atujaalie sisi sote kuwa majirani wema kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.